Mwongozo wa Kiwavi Mgeni: Namna ya Kula Sumu na Kuishi, Kuanzia Gede Hadi Magarini

Karibu duniani, mwanangu. Umeanguliwa juu ya jani changa la mndimu, uani kwa watu hapa Gede, na mwili wako mzima haujafika ukubwa wa punje ya mchele. Anza kwa kula ganda la yai lako, ulimalize, maana hicho ndicho chakula pekee utakachokula bila kupigwa vita. Kisha inua kichwa utazame. Kijani chote unachokiona, mindimu ya uani, mihogo ya shambani, hadi miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kinaonekana kama karamu. Si karamu. Mti hauna miguu ya kukukimbia wala mkono wa kukufukuza, kwa hiyo umejaza majani yake sumu, na kila ukoo wa mimea una sumu yake.

Wenye elimu walichelewa kulielewa jambo hili. Kwa muda mrefu kemikali chungu za majani zilidhaniwa kuwa taka tu, mabaki ya shughuli za mmea ambayo hayakupata pa kutupwa. Mwaka 1959 Gottfried Fraenkel aliandika katika jarida la Science kwamba kemikali hizo zipo kwa ajili yako wewe: ni silaha dhidi ya walaji. Miaka 5 baadaye, Paul Ehrlich na Peter Raven wakalinganisha koo za vipepeo na koo za mimea wanayokula. Waliona kwamba vipepeo wa ukoo mmoja hushikamana na mimea yenye kemikali za jamii moja, kizazi baada ya kizazi. Mmea ukizua sumu mpya, wadudu wengi huukimbia. Siku akitokea mdudu mmoja aliyepata njia ya kuishinda, anajikuta na chakula kisicho na mshindani, na wazao wake huongezeka na kugawanyika kuwa spishi nyingi. Nitakufundisha upande wako wa vita hivyo, na nitakwambia kweli tupu, kwa kuwa nakutakia uishi.

Tuanze na mndimu ulikozaliwa. Majani yake yana furanokumarini, sumu inayongoja jua. Mwangaza wa jua ukiigusa, hujishika kwenye DNA ya seli na kuiharibu. Binadamu anayekamua ndimu kisha akakaa juani bila kunawa huota malengelenge na mabaka meusi mikononi, na huyo ameguswa ngozi tu. Wewe unaila kutwa. Fanya hivi: kula. Tumboni mwako mna vimeng'enya vya jamii ya P450 vinavyoikatakata sumu hiyo kabla haijafika mbali. Ndugu zako wa Marekani wa jenasi ya Papilio, wanaokula mimea ya ukoo wa karoti yenye sumu hiyohiyo, wamechunguzwa kwa miaka mingi huko Illinois, na imeonekana kwamba chakula chenyewe ndicho kinachoziamsha jeni za vimeng'enya hivyo. Kadiri unavyokula sumu, ndivyo mwili unavyotengeneza dawa zaidi. Kiwavi asiye na vimeng'enya vya kutosha ana njia nyingine: hulikunja jani, hulishona kwa uzi wake wa hariri na kula ndani gizani, ambako sumu inayotegemea jua haina nguvu.

Kuhusu ndege, usijisumbue kwanza. Umezaliwa na madoa ya kahawia na meupe yanayokufananisha na kinyesi chao wenyewe, na hakuna shorwe anayekula kinyesi. Ukikua utakuwa wa kijani. Akikugusa mtu au sisimizi, toa ile pembe laini ya rangi ya chungwa iliyofichwa nyuma ya kichwa chako, yenye ncha mbili na harufu kali ya kukera. Watoto wa Gede wanaijua, na wengi wakishaiona mara moja hawakugusi tena.

Sasa muhogo. Hata kama hutaula kamwe, lazima uujue, kwa sababu shamba la Kilifi lisilo na muhogo ni nadra. Jani la muhogo halina sumu iliyo tayari. Ndani ya seli mna linamarini, yaani saianidi iliyofungwa pamoja na sukari, na ikikaa peke yake haimdhuru mtu. Katika kuta za seli kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani, sawa na petroli na kiberiti vilivyowekwa vyumba mbalimbali. Ukiuma, ukuta unabomoka, vinachanganyika, na saianidi inatoka kinywani mwako palepale. Kazi ya saianidi ni kuzima upumuaji ndani ya seli zenyewe, hivyo unaweza kuwa umezungukwa na hewa tele na mwili usiweze kuitumia. Mama zetu wa pwani wanaitambua tabia hii vizuri, ndiyo maana muhogo mchungu humenywa, hukatwakatwa, hulowekwa na kuanikwa. Wanazivunja seli mapema, kwa makusudi, ili gesi itoke kabla ya chakula kufika chunguni.

Mdudu hana chungu wala jua la kuanikia, lakini wako waliojifunza kungoja. Panzi anayeitwa Zonocerus variegatus, ndugu wa yule panzi wa rangi za kung'aa anayetembea polepole katika mashamba yetu bila kuogopa mtu, alichunguzwa Nigeria miaka ya 1970. Alilikataa jani bichi la muhogo, kwa sababu saianidi ilimtokea mara tu alipouma. Jani lililonyauka alilila. Huo ni ustadi wa subira, nao hauhitaji kimeng'enya cha ajabu. Wewe na vipepeo wenzako mna kitu zaidi. Mwaka 2014 ilielezwa kwamba viwavi wana kimeng'enya kinachoikamata saianidi na kuigeuza asidi amino isiyo na madhara makubwa, na kwamba jeni la kimeng'enya hicho halikutoka kwa mababu wa wadudu. Lilitoka kwa bakteria, katika zama za mbali sana, na ukoo wenu ukalishika. Ukisikia mtu akijisifu kwamba kila alicho nacho amerithi kwa baba yake, wewe unajua kwamba urithi una milango mingine.

Lakini bingwa wa muhogo si kiwavi. Ni nzi mweupe, Bemisia tabaci, yule mdogo anayeruka kama vumbi ukilitikisa jani. Yeye hang'ati kabisa. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, anaupitisha polepole katikati ya seli bila kuzipasua hadi afike kwenye mishipa inayobeba sukari, kisha anafyonza. Ukuta haukubomoka, kwa hiyo petroli haikuona kiberiti. Linamarini kidogo huingia hata hivyo pamoja na utomvu, na hapo nzi huyu anafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: anaiongezea sukari nyingine juu ya ile iliyopo, na ikishabebeshwa hivyo vimeng'enya haviwezi tena kuifungua. Inapita tumboni na kutoka bado imefungwa. Mwaka 2021 watafiti wa China walionyesha katika jarida la Cell kwamba nzi mweupe ana pia jeni alilolipata kutoka kwa mmea wenyewe. Mmea hulitumia jeni hilo kujikinga na sumu zake, na nzi amelichukua akalifanya lake. Jeni hilo lilipozimwa kwa njia ya mnyanya uliotengenezwa maalumu, nzi weupe walikufa, na wadudu wengine waliokula mnyanya huohuo hawakudhurika.

Namsifu nzi huyu na moyo wangu unaniuma, kwa sababu anapofyonza huacha virusi. Batobato na michirizi kahawia, magonjwa mawili makubwa ya muhogo, yote yanaenezwa naye, na yote yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania, moja mwaka 1894 na jingine mwaka 1936. Mkulima wa Magarini anayeng'oa mizizi iliyooza ndani huku majani yakiwa bado mazima, anavuna matokeo ya kemia ambayo nzi wake aliishinda.

Sukuma wiki hutumia hila ileile ya vyumba viwili, kwa kemikali tofauti. Humo mna glukosinolati chumba hiki na kimeng'enya cha mirosinasi chumba kile, na vikikutana hutoka ule ukali wa haradali unaowasha pua. Kama umezaliwa nondo mgongo-almasi, kiwavi mdogo wa kijani anayejining'iniza kwa uzi ukigusa jani, huna haja ya kungoja jani linyauke. Kinyesi chako na tumbo lako vitashuhudia kwamba una kimeng'enya kinachokata kipande cha salfati kutoka kwenye glukosinolati kabla mirosinasi haijaifikia. Bila kipande hicho silaha haiwezi kulipuka. Watafiti walilieleza hili mwaka 2002. Mama wa nondo huyo hufanya la ziada: harufu ya haradali, ambayo kwa wadudu wengine ni onyo, yeye huifuata hadi shambani. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Na mahindi? Mhindi mchanga una sumu iitwayo DIMBOA, nayo pia huhifadhiwa ikiwa imefungwa na sukari, na mmea huondoa sukari hiyo unapoumwa. Kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka uliofuata ana jibu ambalo lilielezwa Jena, Ujerumani, mwaka 2014, kabla hajavuka bahari kuja kwetu. Anairudishia DIMBOA sukari yake, lakini anaiunganisha kwa mkao uliogeuzwa. Kimeng'enya cha mhindi kinautambua mkao mmoja tu, kwa hiyo mkao huu mpya hakiwezi kuufungua. Mkulima wa Kilifi aliyeona viini vya mahindi yake vimeliwa vikabaki matundu na uchafu kama unga wa mbao, alikuwa anatazama matokeo ya sukari iliyogeuzwa upande.

Mikokoni Mida, kwa wenye kuzaliwa huko, tatizo ni tanini, ile ya magome ya mikoko ambayo watu wa pwani hii waliyauza zamani kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Tanini hushika protini tumboni zisimeng'enyeke. Viwavi wengi wana tumbo lenye hali ya magadi, kinyume cha tumbo la binadamu lenye asidi, na katika magadi mshiko huo hulegea. Hilo linatosha.

Sasa nisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ninaingia kwenye sumu za moyo. Kando ya barabara kavu za bara kuna kichaka chenye majani mapana ya kijivujivu, maua ya zambarau na matunda yaliyovimba kama yamejaa hewa. Wataalamu hukiita Calotropis procera. Ukikwaruza jani lake hutoka utomvu mweupe, mwingi, unaonata. Kiwavi mchanga akiuma ovyo, utomvu huo humfunika kinywa na kuganda, akafa kwa njaa juu ya chakula. Kama wewe ni mtoto wa Danaus chrysippus, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano na jozi 3 za pembe nyororo mgongoni, usianze kula ukingoni. Rudi nyuma kwenye shina la jani au kwenye mshipa mkubwa, kata hapo, subiri utomvu umwagike, kisha nenda mbele ukale sehemu ambayo haifikiwi tena na utomvu. David Dussourd na Thomas Eisner walilieleza hili mwaka 1987: wadudu wa koo mbalimbali kabisa, viwavi na mende, hukata mishipa kwa njia ileile kabla ya kula. Kila ukoo uliigundua peke yake.

Utomvu ukishamwagika, inabaki sumu iliyomo katika jani lenyewe, kadenolidi. Kazi yake ni kukwamisha pampu ya sodiamu na potasiamu, mashine ndogo iliyo katika kila seli ya mnyama, inayoiwezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari na moyo kupiga. Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua pampu hiyo mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kemikali inayotumika sana maabarani kuizuia pampu hiyo ni ouabaini, iliyotolewa mwaka 1888 na Léon-Albert Arnaud kutoka katika mti wa Acokanthera. Mti huo watu wa hapa hawahitaji kuonyeshwa. Mafundi wa Kigiriama waliuchemsha hadi ukawa lami nyeusi, na wawindaji wa Kiwaata waliipaka kwenye mishale, na kwa mishale hiyo walimwangusha ndovu. Sumu iliyosimamisha moyo wa ndovu wa Galana, na sumu iliyomo katika jani analokula mtoto wa Danaus asubuhi, zote hushambulia mahali pamoja.

Utaishije basi? Ukoo wa Danaus ulibadilisha pampu. Kwa kipepeo mfalme wa Marekani, Danaus plexippus, herufi chache tu za protini hiyo ni tofauti, katika sehemu ambapo sumu ingejishika. Mwaka 2019 kikundi cha Noah Whiteman, cha chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley, kiliziingiza tofauti 3 za aina hiyo kwenye inzi wa matunda, na inzi ambaye hajawahi kuuona mmea wenye sumu hiyo akaweza kuishi kwa chakula chenye kadenolidi. Herufi 3, mwanangu. Moja katika tofauti hizo peke yake ingemdhoofisha mdudu, kwa hiyo mpangilio wa kuja kwake ulikuwa na maana. Njia ilikuwa nyembamba.

Kuna anayefika palepale kwa njia nyingine. Katika bustani za hoteli za Malindi na Watamu hupandwa oleanda kwa ajili ya maua yake ya waridi, na oleanda imejaa kadenolidi. Juu yake utamkuta kiwavi mnene wa kijani mwenye macho mawili ya buluu ya uongo karibu na kichwa, nondo Daphnis nerii. Pampu yake haikubadilika, bado inadhurika na sumu. Lakini watafiti wa Hamburg walionyesha mwaka 2013 kwamba mishipa yake ya fahamu imezungukwa na ngozi ambayo sumu haipiti. Yeye hakubadili kilichomo ndani, alijenga kizuizi mlangoni. Ninapowaona watunza bustani wakimnyunyizia dawa, natamani wamwache japo siku chache. Ataacha majani machache yenye matundu, kisha ataondoka akiwa nondo mzuri kuliko ua lenyewe.

Ukishaishinda sumu, usiitupe. Ihifadhi. Danaus huiweka mwilini na hubaki nayo hata akiota mabawa. Lincoln Brower, miaka ya 1960, alimlisha ndege kipepeo aliyekulia mmea wenye kadenolidi. Ndege alitapika, na baada ya hapo hakumgusa tena kipepeo wa rangi zile. Kwa hiyo vaa rangi kali. Danaus chrysippus huvaa chungwa, nyeusi na nyeupe na huruka polepole, bila haraka, mbele ya kila mtu. Wapo wasio na sumu wanaoishi kwa jina lake: jike la Hypolimnas misippus limechukua rangi zake kiasi kwamba hata mwenye uzoefu hutazama mara mbili. Nao majike wa Papilio dardanus wa Arabuko-Sokoke huiga vipepeo wenye sumu wa jenasi ya Amauris, wengine mtindo huu na wengine mtindo ule, ndani ya spishi moja.

Ila usidhani kuhifadhi ni bure. Hata mfalme wa Marekani, pamoja na pampu yake, hukua polepole zaidi kadenolidi fulani zikizidi, na hulazimika kuzigeuza kabla ya kuziweka. Na si kila Danaus chrysippus ana sumu ya kutosha. Wengine hawana kabisa, kwa sababu mmea waliokulia haukuwa nayo. Madume yana shughuli nyingine tena. Baada ya kuota mabawa huitafuta mimea iliyonyauka ya jamii ya Heliotropium na marejea, huifyonza mabua yake makavu, na kuchukua alkaloidi ambazo ni sumu ya maini kwa mifugo. Kwa hizo hutengeneza manukato katika vibrashi vya nywele vilivyo mwisho wa tumbo. Dume asiyepata mmea huo hana harufu ya kumshawishi jike. Michael Boppré alilieleza hilo kwa Danaus chrysippus miaka ya 1970. Nondo wadogo weupe wenye madoa mekundu wa jenasi ya Utetheisa huzila alkaloidi hizohizo tangu wakiwa viwavi, na wanazibadilisha ziwe katika hali ambayo seli zao haziguswi nayo.

Mti mmoja nakukataza. Mwarobaini. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer aliona nzige wakipita Sudan, wakafagia kila kijani na kuuacha mwarobaini. Kemikali yake kuu, azadirakhtini, ilitolewa mwaka 1968, muundo wake ulikamilika kufahamika mwaka 1985, na wanakemia wa Cambridge wakiongozwa na Steven Ley walihitaji miaka 22 kuitengeneza kwa mikono, hadi 2007. Haikuui papo hapo. Inakukatisha hamu ya kula, na kama umekula inavuruga homoni za kujivua ngozi, ukabaki umekwama ndani ya ngozi yako ya zamani hadi ufe. Ndiyo maana mkulima asiye na pesa ya dawa za dukani hutwanga majani na mbegu zake, huchanganya na maji na sabuni na kunyunyizia mchicha, na hufanya vyema. Wadudu-gamba fulani wanaofyonza utomvu wamewahi kuushambulia mwarobaini sana kule Sahel. Wewe unatafuna, usijaribu.

Bado kuna silaha moja ambayo haimo ndani ya jani. Mate yako yanapogusa kidonda cha mhindi, mmea hutoa harufu ambayo usingetoa kama ungekatwa na kisu, na nyigu wadogo huifuata harufu hiyo hadi kwako na kutaga mayai ndani ya mwili wako. Ted Turlings na wenzake walilieleza hili mwaka 1990. Hapa pwani nyigu wa aina hiyo waliletwa rasmi: mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliachilia nyigu Cotesia flavipes katika mashamba ya mahindi ya pwani ili wamdhibiti Chilo partellus, kiwavi wa Asia anayetoboa mabua. Nyigu walikaa na kuenea. Mkulima alipata nafuu bila ya tone la dawa, nami nafurahi kwa ajili yake, ingawa wewe huwezi kufurahi. Ushauri wangu ni mfupi: kula usiku, hamahama, na ukishatagiwa, kula sumu zaidi kama mwili wako unaihimili. Kiwavi mmoja mwenye manyoya wa Arizona huonekana akiongeza alkaloidi katika chakula chake akiwa na vimelea ndani, na huponea hapo.

Mwaka huohuo wa 1993 lilianza hapa Gede jambo lililobadilisha maisha ya viwavi wengi. Ian Gordon na wenzake, kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walianzisha mradi wa Kipepeo. Wakati ule wakazi wengi wa vijiji vinavyopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ugawanywe wapate mashamba, na ukijua njaa ya udongo ule wa mchanga huwezi kuwalaumu. Mradi uliwaambia wafuge vipepeo, na pupa wakasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Uingereza, Marekani na kwingineko, na pesa zikarudi kijijini. Ukizaliwa ndani ya kizimba cha mfugaji, umshukuru, lakini tambua alichojifunza kabla ya yote: hakujifunza kipepeo, alijifunza jani. Huyu wa jenasi ya Graphium anataka mimea ya ukoo wa mstafeli, yenye sumu yake inayozuia upumuaji wa seli. Huyu Papilio anataka ukoo wa mndimu. Ukimletea jani jingine, hata liwe laini na bila uchungu wowote, atakaa juu yake hadi afe, kwa sababu bila ile sumu halitambui kuwa chakula.

Ndiyo maana nilikwambia ukumbuke harufu ya haradali. Sumu iliyowafukuza wengine imekuwa anwani ya kwenu. Msitu wa Arabuko-Sokoke una takriban kilomita za mraba 420 na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Anayekata mtambaazi mmoja humo kwa kuudhani kuwa gugu, amemfukuza kiwavi ambaye mwili wake wote, vimeng'enya, pampu na matumbo, uliundwa kwa ajili ya mtambaazi ule peke yake. Hakuna chama cha viwavi kitakachokwenda kulalamika kwa chifu. Mfugaji wa Kipepeo ndiye wakili wako, kwa sababu anahitaji mmea uleule unaouhitaji wewe.

Utakapoota mabawa, kama ulizaliwa jike, usiamini macho. Mndimu, mkorosho na mwembe yote ni ya kijani ikitazamwa kutoka juu. Tua, kisha gonga jani kwa miguu yako ya mbele, mara kadhaa, haraka. Huko kuna ulimi wako. Onja hadi upate mchanganyiko wa kemikali uliokula utotoni. Chagua jani changa, laini, la rangi nyepesi, lenye kivuli kidogo. Taga yai moja, uondoke, utafute tawi jingine kwa ajili ya la pili, maana mche mdogo wa mndimu hautoshi watoto kumi, na mwenye ua akiwaona wamejaa mahali pamoja atawaokota wote.